DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 20: SIKUKUU YA PWANI NA BEI YAKE



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya 20 tukiwa wazima. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake wote.

Leo jua likizama tunaingia usiku wa 21. Kumi la mwisho ndiyo hilo limeanza. Na ni wiki hii hii ambapo stendi yetu ya Sumbawanga watu wameanza kuulizia tiketi za Dar es Salaam. Swali ambalo nimeulizwa na zaidi ya mmoja ni hili: "Shekhe, nikiipeleka familia pwani kula sikukuu, kuna ubaya?"

Jibu fupi: kutembea na familia yako na kuifurahisha hakuna ubaya wowote. Ubaya unaweza kuwa kwenye kile unachotoa ili uipate hiyo furaha. Kwa hiyo leo tuangalie bei.

*Kwanza: furaha ya Eid ni haki.*

Wapo wanaodhani dini inataka nyuso zilizokunjwa. Sivyo. Anas bin Malik amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo. Hakuwaambia waache kufurahi. Aliwaambia kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku hizo kwa mbili zilizo bora zaidi: Eid ya kuchinja na Eid ya kufungua.

Na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia habari ya siku ya Eid, Wahabeshi wakicheza na ngao na mikuki msikitini. Mtume alisimama, naye Aisha akatazama nyuma ya bega lake. Akaendelea kusimama mpaka Aisha mwenyewe aliposema inatosha. Hebu baba soma tena hapo. Kiongozi wa umma mzima, mwenye mambo mangapi kichwani, amesimama ili mkewe atazame mchezo, na hakuwa yeye wa kwanza kuchoka. Hapo hapana nauli wala kiingilio. Alichotoa ni muda wake na bega lake.

Shika hilo, tutalirudia.

*Pili: tupige hesabu ya safari.*

Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Unapita Laela, Tunduma, Mbeya, Makambako, Iringa, Morogoro. Familia ya watu watano, kwenda na kurudi, ni tiketi kumi. Bado chakula cha njiani. Ukitaka kuvuka Unguja, ongeza tiketi kumi nyingine za boti. Ukifika Kariakoo, hakuna anayepita mtaa wa Kongo siku za mwisho wa Ramadhani akatoka mikono mitupu: madera, kanzu, viatu, pazia, na mtoto analia anataka gari la betri. Jioni mnakwenda Coco Beach, mihogo na mishkaki. Siku ya pili watoto wanataka pembea na mabwawa ya kuogelea, na huko kila kichwa kina kiingilio chake.

Mwenye uwezo huo na alhamdulillah, atumie, ni neema ya Mola wake. Lakini katika Surat Al-Furqan, aya ya 67, tunafundishwa sifa ya waja wema: wakitoa hawafuji wala hawafanyi ubahili, wanakuwa katikati. Basi jiulize, hizo tiketi kumi zinatoka wapi?

Kama zinatoka kwenye mkopo wa kausha damu, simama hapo hapo. Umefunga mwezi mzima umeacha hata maji yaliyo halali, halafu unakwenda kuipokea Eid kwa riba? Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba ndani ya sala yake kinga dhidi ya deni. Sisi tunalifuata deni wenyewe, tena kwa ajili ya picha za kuweka status.

Na kama zinatoka kwenye magunia ya mwisho ya mahindi, nalo liangalie vizuri. Miaka hii Ramadhani inatukuta kwenye masika. Mashamba ya Ufipa yana mahindi mabichi, mavuno bado. Aliyeuza gunia sasa ili aende pwani, atarudi kununua debe kwa bei ya juu. Sikukuu ni siku chache, njaa ya kusubiri mavuno ni wiki kadhaa, na anayeibeba ni mama watoto.

Kumbuka pia mwenyeji wako. Ndugu yako wa Mbagala ana vyumba viwili na watoto wanne. Wewe unaita likizo, yeye anaita mtihani, ila haya inamzuia kusema. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na Mtume ametufundisha kuwa ukarimu wa mgeni ni siku tatu, na si halali mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji katika dhiki. Ukienda, beba mchele, beba maharage yetu mazuri ya huku, beba na dagaa. Na ujue siku ya kuondoka kabla hujafika.

*Tatu: usiku wa mji na usiku wa Mola.*

Hapa ndipo penye uzito wa darasa la leo.

Miji ya pwani inaishi usiku. Bustani ya Forodhani pale Unguja, jua likishazama na watu wakishafuturu, meza za vyakula zinapangwa mbele ya bahari: mishkaki, pweza, urojo, juisi ya miwa. Hilo ni burudani la familia, halali, na ni zuri. Lakini usiku wa pwani hauishii hapo. Kule Nungwi na Kendwa, na Dar kwenye kumbi za fukweni, kuna usiku mwingine wa muziki na pombe, na kijana wa kwetu aliyetoroka macho ya baba yake Sumbawanga anajiona huko hakuna anayemjua. Kijana wangu, anayekujua yuko nawe Katandala, na yuko nawe Kendwa.

Tuwaache hao kwanza. Nazungumza na wewe mtu mwema, usiyekunywa, unayetaka tu kuwahi pwani kabla nauli hazijapanda. Unataka kuondoka tarehe 24 ya mwezi huu wetu, ukae huko hadi Eid. Utafunga? Labda. Msafiri ana ruhusa ya kula mchana, na siku hizo anazilipa baadaye. Hiyo ni rehema iliyomo katika Surat Al-Baqara.

Lakini ndugu yangu, mchana uliokupita unaweza kulipwa. Usiku wa Lailatul Qadri ukikupita, utaulipa mwezi gani? Usiku mmoja ulio bora kuliko miezi elfu, yaani miaka 83 na miezi minne. Wengi wetu hatutaifikisha miaka hiyo. Na mwezi ukiandama jioni ya 29, tumebakiwa na usiku tisa tu kuanzia leo, wala si kumi.

Bibi Aisha amesimulia kuwa kumi la mwisho likiingia, Mtume alikaza kibwebwe, akauhuisha usiku, na akawaamsha watu wa nyumbani kwake. Aliwaamsha watu wa nyumbani! Kumbe usiku huu nao ni jambo la familia. Sisi tunawaamsha watoto saa tisa wawahi basi, na hatujawahi kuwaamsha saa tisa wasali rakaa mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu: kama safari ipo na uwezo upo, iwe baada ya Eid. Sali Eid hapa na majirani zako, kisha ondoka Shawwal mosi mchana au siku ya pili. Bahari haihami. Kariakoo haifungwi. Hata bei za nguo sikukuu ikipita hushuka.

Wenzetu wafanyabiashara mnaofuata mzigo Kariakoo siku hizi, ninyi mna udhuru wenu. Kutafuta riziki ya halali ni ibada. Ila usiku wa 27 ukikukuta kwenye basi pale Mikumi, ulimi wako haujafungwa. Ile dua ya kuomba msamaha aliyofundishwa Bibi Aisha, tunayoisoma kila siku baada ya tarawehe, isome kitini kwako. Mola hasubiri ufike stendi ndipo akusikie.

*Nne: watoto huendi kuwatupa, unakwenda nao.*

Oktoba 2008, katika sherehe za Eid el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa Tabora kwenye ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Watoto waliotoka nyumbani asubuhi na nguo mpya. Mara nyingi sikukuu zikikaribia tunasikia polisi wakipiga marufuku disko toto, nasi tunalalamika kwamba watoto wananyimwa raha. Ndugu zangu, tusilalamike. Mzazi anayempa mtoto elfu mbili na kumwambia "nenda kacheze" amejifurahisha yeye, amepata kupumzika. Hajamfurahisha mtoto.

Hata ufukweni ni hivyo hivyo. Mtoto wa Ufipa hajui kwamba bahari inakupwa na kujaa. Asubuhi anacheza kwenye mchanga mkavu, mchana pale pale maji yamemfika kifuani. Usiangalie simu. Simama, kama alivyosimama Mtume, mpaka mtoto mwenyewe aseme inatosha.

Na kwa kusimama tu huhitaji kilomita 1,100. Ukitoka hapa kupitia Matai unafika maporomoko ya Kalambo, maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, na msimu huu wa mvua yamejaa kweli kweli. Wapo watalii wanaovuka bahari kuja kuyaona, na sisi tuna wazee wamezeeka hapa hawajayaona. Washike watoto mkono, kingo zinateleza. Au nenda Kasanga, Ziwa Tanganyika, mle migebuka ya kuchoma. Waoneshe watoto kazi ya Mola wao. Asiye na nauli hata ya hapo, amwalike mtoto yatima mmoja ale pilau na watoto wake, kisha acheze nao mpira jioni. Baba kuonekana anakimbia na mpira, watoto watalisimulia hilo mpaka Eid nyingine.

*Kazi ya leo*

1. Kabla ya kukata tiketi, tenga fitri. Pishi moja kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu za chakula tunachokula. Watu watano ni kilo 12 na nusu. Ifike kwa mwenye haki kabla ya sala ya Eid, ili naye siku hiyo asiombe.

2. Piga simu kwa wazazi kijijini uulize wana nini ndani. Haipendezi mjukuu awe kwenye pembea Dar, na bibi yake hana sukari.

3. Usiku wa leo, waamshe watu wa nyumbani kwako kabla ya daku. Rakaa mbili tu, pamoja. Hata yule mdogo anayesinzia, mwache asinzie kwenye mswala.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuukute usiku wa Lailatul Qadri tukiwa macho. Zijaze nyumba zetu furaha ya halali. Walinde watoto wetu, walio nyumbani na walio safarini. Waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, na utukubalie funga zetu. Aamin.

Tukutane tarawehe, in shaa Allah. Baridi imezidi siku hizi, njooni na makoti. Mtumie na mwenzako darasa hili, hasa yule uliyemwona stendi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.