Mng'aro wa Sakafu

Neno sakafu asili yake ni Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ni paa. Sisi wa pwani tumelitumia kwa mambo yote mawili, la juu na la chini, kwani katika nyumba za mawe sakafu ya aliye ghorofani ndiyo dari ya aliye chini yake. Ilikuwa kazi ya chokaa na vijiwe vya matumbawe, ikipigwa kwa magongo siku kadhaa huku wapigaji wakiimba, mpaka ikashikana. Tangu jadi, basi, sakafu ina nyuso mbili, na autazamaye mmoja huusahau wa pili.

Leo neno hilo limefika mbali na bahari. Musoma, Bunda na Butiama, ajengaye nyumba hutamani sakafu ya saruji, tena ing'ae. Je, mng'aro huo ni adabu ya nyumba, au ni majivuno ya mwenyewe?

Kwanza tutenge uimara na mng'aro. Sakafu ya udongo, hata ikisiribwa vyema kwa samadi, huhifadhi funza na mayai ya minyoo. Na kuisiriba upya kila mara aghalabu ni mzigo wa mwanamke. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila, Meksiko, lilianza kuwawekea maskini sakafu za saruji. Watafiti waliopima matokeo walikuta minyoo, kuhara na upungufu wa damu vimepungua kwa watoto, na mama zao wameridhika zaidi na maisha. Uimara, basi, ni haki. Asiyekuwa nao tusimwambie kwamba udongo ndio utamaduni wake.

Mng'aro ni jambo jingine, nao una njia mbili. Ya kwanza ni niru: uji wa saruji tupu hupakwa juu ya sakafu mbichi, ukalainishwa kwa mwiko wa chuma. Ya pili ni kuisaga zege iliyokomaa kwa mashine, kama ifanywavyo terazo, mpaka kokoto zilizomo zijitokeze. Niru hung'aa kwa kufunika. Msago hung'aa kwa kufunua. Na kokoto hazikujipasua: Mara ni nchi ya majabali, na wako waipatao riziki kwa kuyaponda kwa nyundo, juani.

Simlaumu mwenye niru. Mashine ina gharama, na si kila mfuko unaimudu. Nalaumu moyo uliopakwa niru.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa hukohuko mwaka 1999, alitafsiri mchezo wa Shakespeare, *Mabepari wa Venisi*, uliochapishwa mwaka 1969. Humo mchumba mmoja anachagua kasha la dhahabu kwa mng'aro wake, akalifungua na kukuta fuvu. Picha ya mchumba imo katika kasha la risasi, lenye rangi iliyofifia kama ya saruji. Lakini hata thamani ya risasi haikuwa katika kufifia kwake. Ilikuwa katika kilichokuwamo ndani.

Vivyo hivyo sakafu. Ing'ae, kwani uzuri si dhambi, na maskini naye ana macho. Ila kabla hujamwomba mgeni avue viatu mlangoni, jiulize kama aliyeponda kokoto amekwisha kulipwa.