Wa Mwisho Kulala Ndiye Azimaye Taa



Liko swali ambalo babu zetu hawakupata kuulizwa, nasi yatupasa kulijibu. Wako ndugu zetu walioko ng'ambo, na wachache katika miji yetu pia, ambao hulala na mashine ya kupumulia kando ya kitanda. Mashine hiyo huwapulizia hewa usiku kucha. Na siku hizi yaweza kufanywa zaidi ya hayo: mwenye mashine akiisha kulala, nyumba hupata habari. Taa huzimika zenyewe, redio hunyamaza, feni hupunguza mwendo, mlango hujifunga. Asubuhi akivua barakoa yake, taa huwaka tena. Je, jambo hili ni jema?

Wako wasemao kwamba hiyo ni anasa ya watu wenye fedha. Wengine wasema ni kumwondoa Mungu katika usiku wetu na kuiweka mashine mahali pake. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili ni ya haraka mno. Na tulitazame jambo lenyewe kwanza.

Tuanze na ugonjwa. Hapa pwani mtu anayekoroma huchekwa. Twasema anakoroma kama mashine ya kusaga, tena twadhani kwamba amepata usingizi mnono. Lakini kwa watu wengine kukoroma ni dalili ya taabu. Wakilala, nyama za koo hulegea, njia ya hewa ikaziba, na pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Mwili hushtuka, mtu akavuta hewa kwa kishindo, kisha akaendelea kulala bila kujua lililompata. Jambo hili laweza kurudia mara nyingi katika saa moja. Mtu huyo huamka amechoka kana kwamba amelima usiku kucha. Husinzia kazini, na la hatari zaidi, husinzia akiwa ameshika usukani. Shinikizo la damu nalo hupanda, na moyo hutaabika. Basi kabla ya kumcheka mzee anayesinzia wakati wa mahubiri, yafaa tumwulize kwanza analalaje nyumbani.

Msaada ulipatikana mwaka 1980. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alitumia mota ya kupulizia hewa, akaiunganisha kwa mpira na pua ya mgonjwa aliyelala. Hewa ile haikuwa dawa. Ni hewa hii hii tunayoivuta sote, ila imesukumwa kwa nguvu kidogo ili koo lisizibe. Mwaka 1981 yeye na wenzake walieleza habari za wagonjwa watano katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Tangu hapo watu wengi mno duniani wamepata usingizi kwa njia hiyo. Mtu aliyepona uchovu wa miaka mingi hana haja ya kuhojiwa kwamba amekosa imani. Ameshukuru, nasi tushukuru pamoja naye.

Sasa, mashine yajuaje kwamba mtu amelala? Haijui kama mama ajuavyo. Ndani yake mna vipimo vya mwendo wa hewa na msukumo wake. Mtu aliye macho hupumua ovyo ovyo: huvuta ndefu, huvuta fupi, humeza mate, hujigeuza. Mtu aliyelala pumzi yake hutulia. Baadhi ya mashine huhesabu pumzi 30 zilizo tulivu, yaani dakika mbili tatu, kisha huamua kwamba usingizi umeingia na kuongeza msukumo wa hewa. Wanaotaka nyumba nzima itii hutumia hata njia iliyo rahisi zaidi. Huweka kwenye soketi kifaa kinachopima umeme. Mashine ikianza kufanya kazi umeme unaotumika huongezeka, na kifaa hupeleka habari kwa taa na feni. Hapo kuvaa barakoa kumehesabiwa kuwa ni kulala.

Na hapo ndipo swali letu linapoanza. Hatuulizi kama mashine inaweza. Twauliza: je, usingizi wa mtu mmoja uwe amri kwa nyumba nzima?

Fikirini nyumba zetu. Katika nyumba ya Ngamiani mna ukumbi wa katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Mita ya LUKU pengine ni moja, na walio chini yake ni wengi. Yumo bibi anayeamka mara tatu usiku kwenda uani. Yumo kijana wa kidato cha nne anayesoma mpaka saa sita. Yumo mama anayenyonyesha. Yumo mpangaji anayerudi zamu ya usiku. Baba akilala saa tatu, na nyumba ikazimika kwa sababu pumzi yake imetulia, bibi atapita gizani, kijana atafunga daftari, na mpangaji atakuta mlango umejifunga. Hakuna aliyewakosea kwa kusudi. Baba amelala tu. Lakini wameumizwa na usingizi wake.

Desturi ya nyumba nyingi zetu ni kinyume cha hayo. Wa mwisho kulala ndiye azimaye taa. Ni kanuni ndogo, wala haikuandikwa popote, lakini ina hekima kubwa ndani yake. Yule wa mwisho hazimi kwa sababu yeye amechoka. Huzima baada ya kupita ukumbini. Hutazama kama komeo limetiwa, kama moto wa jikoni umekufa, kama mtoto amefunikwa chandarua, kama kuna ambaye bado hajarudi. Akimwona bibi yu macho, huacha taa ya ukumbini. Kuzima taa ni tendo la mwisho la kuwatazama wengine. Mashine hii inalifanya liwe tendo la wa kwanza kulala, yaani la yule ambaye hawezi tena kumtazama mtu yeyote.

Mtu atasema: si kosa la mashine, ni kosa la aliyeipanga. Aipange izime taa ya chumba chake tu. Naam, na twakubali kabisa. Mtu mwenye chumba chake, au mgonjwa aishiye peke yake ambaye hawezi kunyanyuka kufikia swichi, kwake jambo hili ni rehema. Lakini ndugu huyo akiamua kwamba mpaka wa amri yake ni mlango wa chumba chake, amekwisha kufanya lile tunalolitaka: amewafikiri wengine alipokuwa bado macho. Mashine haikuweza kulifanya hilo kwa ajili yake.

Tena mashine yaweza kudanganyika. Pumzi iliyotulia si usingizi kila mara. Mtu anayeomba kimya kitandani hupumua kwa utulivu. Mjane anayemkumbuka marehemu wake, akitazama dari bila kusogea, hupumua kwa utulivu vile vile. Mashine yaisikia pumzi, lakini mwenye pumzi haimjui. Kwa kupandisha msukumo wa hewa makosa hayo ni madogo, maana mtu aweza kubonyeza kitufe na kuanza upya. Kwa kufunga milango ya nyumba ni jambo jingine.

Mtu akidhani kwamba haja ya mtu aliye macho ni mambo ya kizamani tu, na atazame hospitalini, mahali ambapo pumzi ni kufa na kupona. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulipatwa na ugonjwa wa kupooza wa polio. Mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua zilikuwa chache mno. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakaitwa wafanye kazi kwa zamu. Walikaa kando ya vitanda mchana na usiku, wakiminya mfuko wa hewa kwa mikono yao, pumzi moja baada ya nyingine, kwa majuma mengi. Wengi waliokuwa wakifa waliishi. Hao ndio waliokuwa mashine, lakini mashine yenye macho.

Na siku zetu hizi, barani mwetu na kwingineko, kiko chombo rahisi cha kuwasaidia watoto wachanga na wenye nimonia kali. Hewa hupita puani mwa mtoto, na mwisho wa mpira huzamishwa katika chupa ya maji. Mapovu yakitoka, muuguzi ajua kwamba msukumo upo. Yakikoma, ajua kwamba pana mahali hewa inavuja. Yaani chombo chasema, lakini chahitaji sikio. Katika hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, ambako madaktari walikuwa karibu, taarifa ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba walikufa watoto 3 kati ya 79 waliopewa chombo hicho, na 10 kati ya 67 waliopewa oksijeni ya kawaida. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, Malawi, ambako hapakuwa na daktari wa kuwasimamia kila siku, taarifa ya mwaka 2019 ilionyesha kinyume: walikufa 53 kati ya 323 wa chombo, na 35 kati ya 321 wa oksijeni. Si haki kusema kwamba sababu ni hiyo moja tu, maana wengi wa watoto wa Salima walikuwa na utapiamlo au maradhi mengine juu ya nimonia. Lakini somo lake latosha kututahadharisha. Chombo kizuri hakimpi mtu ruhusa ya kuondoka kitandani pa mgonjwa.

Na sisi wa Tanga tuna sababu yetu nyingine. Mto Pangani ulianza kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale mwaka 1964, na bado twajua giza la ghafula ni nini. Umeme ukikatika, au uniti zikiisha saa nane ya usiku, mashine husimama. Barakoa ina matundu ya kutolea hewa, na kwa kawaida mtu huamka. Lakini akiendelea kulala bila msaada ule, koo lake hurudia tabia yake ya kuziba. Nyumba iliyozoea kwamba kila kitu hujiendesha itamjuaje? Ataamshwa na nani?

Basi twashauri mambo matatu. Kwanza, mwenye ugonjwa huu asione haya kutafuta tiba, wala tusimcheke. Pili, anayetaka taa na milango vimtii akiwa amelala, asiviamrishe vitu vya wote kabla ya kukaa na wote na kuuliza: nani huchelewa, nani huamka, nani huogopa giza? Na iwepo swichi ya kawaida ukutani ambayo hata mtoto aweza kuiwasha, na mlango ufunguliwe kwa mkono kutoka ndani. Tatu, katika kila nyumba yenye mashine ya namna hii, awepo angalau mmoja mwingine anayejua inavyofanya kazi, na afanye nini umeme ukikatika.

Tuombapo usiku, huiombea nyumba nzima, hatukiombei kitanda kimoja. Sala ya namna hiyo yataka tendo linalofanana nayo. Usiku wa leo, atakayekuwa wa mwisho, na apite ukumbini kwanza.