Ushahidi Uliokwisha Kuliwa

Mtu akiuza sumu ndani ya gunia la chakula, nani athibitishe? Wachache wetu huku Marekani tunafuga farasi, lakini sote tunanunua vilivyofungwa na watu tusiowajua.

Monensini ni dawa ya kuku na ng'ombe, nayo huchanganywa katika chakula chao. Kwa kipimo chake haiwadhuru. Farasi, miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito wake zaweza kumwua, maana huharibu misuli ya moyo. Kiwanda kikichanganya vyakula vyote kwa mashine ile ile, masalio ya ng'ombe huingia gunia la farasi. Mwaka 2014, huko Florida, farasi wa banda moja walikufa baada ya kula chakula kilichokutwa na dawa hiyo.

Tangu kesi ya Greenman ya mwaka 1963, mahakama za California, kisha za majimbo mengi, hazimdai mnunuzi athibitishe uzembe. Kasoro ya bidhaa yatosha. Rehema hiyo! Lakini kasoro utaionyeshaje, na farasi keshaila? Gunia limetupwa na namba yake. Kiwanda kina daftari la michanganyo. Wewe una mzoga.

Mtasema farasi hufa kwa mengi, hata kwa majani mabaya. Kweli. Ndiyo maana sisemi mwenye kiwanda ahukumiwe papo hapo. Nasema afungue daftari lake kwanza, ndipo mwenye farasi aulizwe ushahidi. Kwa sasa, mwenye farasi na abakize konzi moja ya kila gunia, pamoja na lebo yake.