Betri Iliyochomolewa na Suala la Sababu

Waya wa hasi wa betri ukichomolewa kwa dakika kadhaa kisha ukarudishwa, sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ya injini hufutika katika magari mengi ya petroli. Wapo madereva wanaoshuhudia kwamba tangu siku hiyo gari hula mafuta kidogo. Ushuhuda huo si wa kupuuzwa katika mji kama Kalemie, ambako petroli husafiri mbali kabla ya kufika, mara nyingi kwa kuvuka Ziwa Tanganyika, na ambako kila bidoni inayookolewa ni chakula cha nyumbani. Ndani yake limo swali ambalo wanafalsafa na wanateolojia wamelishughulikia kwa karne nyingi: ni lini mtu ana haki ya kusema kwamba jambo moja limesababisha jingine, wala halikulitangulia tu?

Jibu linaanzia kwenye injini yenyewe. Kompyuta hulenga mchanganyiko wa takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye bomba la moshi huiarifu kama petroli imezidi au imepungua, nayo kompyuta hurekebisha kazi ya nozeli za petroli papo hapo. Rekebisho linalojirudia upande uleule huhifadhiwa, ili safari ijayo ianze nalo. Kuchomoa betri hurudisha rekebisho hilo kwenye sifuri. Hata hivyo, kilicholizaa hakikai ndani ya kompyuta. Sensa iliyochoka, inayosema petroli ni pungufu wakati imezidi, itaendelea kusema hivyo baada ya betri kurudishwa. Kompyuta itaiamini tena, na baada ya mwendo usio mrefu gari litakuwa limerudi kwenye ulaji wake wa awali.

Ziko hali ambazo kufuta kuna maana. Sensa mpya ikishafungwa, kumbukumbu ya sensa ya zamani ni mzigo, na kuifuta hufupisha muda wa kujifunza upya. Vivyo hivyo kwa gari lililotumia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa: injini ikigonga, kompyuta nyingi huchelewesha cheche na kulikumbuka hilo, hivyo petroli nzuri ikipatikana kufuta huharakisha nafuu. Katika hali zote mbili kilichotibu ni ukarabati au petroli safi. Betri imepunguza kungoja tu.

Basi kwa nini dereva mwaminifu huona nafuu hata pasipo ukarabati wowote? Mtu huchomoa betri wakati ulaji umefikia ubaya wake wa juu, na kilichofikia upeo kwa bahati kwa kawaida hushuka chenyewe. Mwanasayansi Francis Galton alieleza mwelekeo huo mwaka 1886 kwa kulinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao. Tena, katika baadhi ya magari namba ya wastani wa ulaji kwenye dashibodi hufutika pamoja na saa, na wastani mpya unaoanzia kwenye safari nyepesi hupendeza macho. Na dereva anayetazamia matokeo hukanyaga pedali kwa upole zaidi. Mvua nayo ina neno lake. Tangi lililotumika kwenye matope ya barabara ya Nyunzu mwezi Machi haliwezi kulinganishwa na la mwezi Julai, udongo ukiwa umekauka.

Kielelezo chenye nguvu kuliko vyote ni gari lisilo na kompyuta ya kupima mafuta. Land Cruiser za dizeli zenye injini ya 1HZ hupimiwa mafuta na pampu ya kimitambo. Dereva wa gari hilo akichomoa betri kisha akaona nafuu, nafuu hiyo haiwezi kutoka kwenye kumbukumbu iliyofutwa, kwa kuwa haikuwapo. Imetoka kwake mwenyewe, au barabarani, au kwenye kipimo cha bidoni.

Mwanateolojia wa Kiislamu Al-Ghazali aliligusa suala hili la sababu kwenye mzizi wake mwaka 1095, katika mjadala wa 17 wa kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Pamba inapoguswa na moto huungua. Lakini jicho, alisema, huona kuungua kukitokea pamoja na mguso, halioni kukitokea kwa sababu ya mguso. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu baadaye kwamba anayekana sababu anaiacha akili bila kazi. Karne ya 18 mwanafalsafa David Hume alifika karibu na Ghazali bila kumtaja Mungu, akisema mazoea ndiyo yanayotufunga kwenye wazo la sababu. Ni kosa kudhani kwamba hoja ya Ghazali inamzuia muumini kupima. Kwa Ghazali, Mungu huuendesha ulimwengu kwa desturi thabiti, na desturi hujulikana kwa kutazama mara nyingi na kwa uangalifu. Anayesema "Mungu ndiye anayejua" ili akwepe kupima anaidharau desturi hiyohiyo.

Namna ya kupima ilielezwa vizuri na mwanafalsafa John Stuart Mill mwaka 1843: hali mbili zifanane kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Gari liwe lilelile, njia ileile, mzigo uleule, msimu uleule, na petroli ipimwe kwa chombo kimoja kila mara, kwani bidoni mbili zinazoitwa za lita 20 zaweza kupitana. Kabla ya kila tangi fundi apige kura kama atachomoa betri au la, dereva asijue. Asipoichomoa, arudishe saa na wastani wa dashibodi kwenye sifuri kwa mkono, la sivyo saa itafichua siri. Tofauti ya tangi moja haithibitishi kitu. Ikijirudia upande mmoja kwa matangi mengi, dereva ana haki ya kusema kwamba kuchomoa betri kumelisaidia gari lile kwa petroli ile. Kwa gari ambalo hakuna kilichobadilishwa, utendaji wa kompyuta unatabiri kwamba tofauti, kama ipo, itatoweka baada ya kilomita za mwanzo.