Mtumishi Anyamazaye, Je, Ni Mtiifu?

Liko swali ambalo wafanyakazi Wakristo huulizana mara kwa mara, nasi tumelisikia hapa Dakawa kwa watu wa shamba la mpunga, kwa walimu na kwa wauguzi: Mkubwa wangu wa kazi akikosea, nami naona, yanipasa nini? Wengi hujijibu upesi. Husema kazi ya mdogo ni kutii, na likiharibika jambo, dhambi ni ya aliyeamuru. Hutaja na Maandiko, maana Mtume Paulo aliwaagiza watumwa wa Kolosai wawatii mabwana zao. Juu yake huongezwa mithali ya wazee, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sisi twaona jibu hilo ni fupi mno. Paulo huyo huyo, katika aya ile ile, alikataza utumishi wa kujipendekeza machoni pa watu. Mtu aitikiaye "ndiyo mzee" huku anajua kazi itaharibika, anayatumikia macho ya mkubwa, wala hamtumikii mkubwa mwenyewe. Maji ya shamba letu huvutwa kwa pampu kutoka Mto Wami, yakapita mfereji mkubwa hata kufika majarubani. Afunguaye mlango wa mfereji hujua kabla ya mwenyekiti wa ushirika ni majaruba yapi yamekauka. Akikaa kimya kwa kuwa hakuulizwa, mpunga hautaokolewa na unyenyekevu wake.

Tazameni habari za Yoabu, jemadari wa Daudi. Katika 2 Samweli 11 aliletewa barua ya mfalme, imwamuruyo kumweka Uria mahali pa vita vikali ili afe. Aliyeibeba barua hiyo ni Uria mwenyewe. Yoabu aliisoma, akaielewa, akatenda. Wala hatusomi kwamba aliuliza neno. Nabii Nathani alikuja kumkemea Daudi, na ndivyo ilivyopasa, lakini mkono uliompanga Uria karibu na ukuta ulikuwa wa Yoabu. Basi mtu aweza kusema kwamba zamani zile jemadari hakuwa na ruhusa ya kumhoji mfalme. Hasha! Fungueni sura ya 24. Daudi alipotaka kuwahesabu watu, Yoabu alimwuliza waziwazi kwa nini anataka jambo hilo. Alishindwa, akaenda kuhesabu, lakini alikuwa amesema. Kumbe kinywa alikuwa nacho. Alikitumia kwa ajili ya hesabu, hakukitumia kwa ajili ya uhai wa Mhiti mmoja asiye na ukoo mkubwa mjini. Sehemu hii husomwa mara chache makanisani kwa upande wa Yoabu, nasi twadhani ni hasara.

Mfano mwingine tunao hapa mkoani kwetu, ingawa wenye habari hiyo walikuwa wageni. Mwanzoni mwa mwaka 1969 wapigania uhuru saba wa Afrika Kusini, wanachama wa ANC, mmojawao Chris Hani, walitia sahihi waraka wa kuwalaumu viongozi wao walioko uhamishoni. Walisema viongozi wamezoea safari na raha, wameisahau nchi waliyoiacha, na kwamba askari waliorudi kutoka vita vya Wankie vya mwaka 1967, upande wa Rhodesia, hawakuulizwa hata yaliyowapata huko. Hani alikuwa ametoka gerezani Botswana kwa ajili ya vita hivyo. Chama hicho hakikuwa kiwanda wala ofisi. Lakini chama kilichowalisha watu, kikawavika, kikawapangia zamu na kuwapa amri kila asubuhi, hakitofautiani sana na mahali pa kazi.

Malipo ya waraka ule yalikuwa machungu. Walioutia sahihi walishtakiwa mbele ya baraza la chama, wakaondolewa uanachama, na wako wakubwa waliotaka wapewe adhabu ya kifo. Aliyekuwa Kaimu Rais wa chama ni Oliver Tambo. Huyu alikuwa Mwanglikana mwenzetu na mwalimu mwenzetu pia, aliyefundisha hesabu na sayansi katika shule ya St Peter's, Johannesburg, na mwaka 1956 alikuwa amekubaliwa kuanza masomo ya ukasisi, ndipo akakamatwa kwa kesi ya uhaini. (Rafiki yake Trevor Huddleston ndiye yule aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1960 hadi 1968.) Tambo angeweza kuuchana waraka. Badala yake aliitisha mkutano mjini Morogoro, tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969, ili malalamiko yazungumzwe na wajumbe wote. Maneno yakawa makali, hata akajiuzulu mbele yao. Wajumbe wakamchagua tena. Halmashauri yao ya taifa ikapunguzwa watu, na kina Hani wakarudishwa chamani. Tambo aliendelea kuongoza hadi mwaka 1991.

Tungependa kuiacha habari hiyo hapo, lakini inaendelea, na mwisho wake umefika hapa kwetu. Mwaka 1984 askari wa chama hicho hicho waliasi katika kambi zao za Angola. Walitaka wapelekwe kupigana nyumbani kwao, wakadai pia mkutano mkuu. Safari hii Hani, yule wa mwaka 1969, alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuuzima uasi. Baadhi ya waasi walihukumiwa wakauawa, na wengine walifungwa kwa miaka katika kambi iliyoitwa Quatro, mahali palipokuja kujulikana kwa mateso. Ni kweli walikuwa na silaha, na damu ilimwagika pande zote mbili. Waraka na bunduki si kitu kimoja. Hata hivyo mkutano mkuu ulifanyika mwaka uliofuata, huko Kabwe, Zambia. Kama uliwezekana mwaka 1985, twajiuliza kwa nini ulingoja watu wafe kwanza.

Baadhi ya wafungwa wale, walipofunguliwa, waliletwa Dakawa, katika eneo ambalo serikali yetu iliwapa ANC mwaka 1982 nao wakalirudisha mwaka 1992. Mwaka 1989 wanachama wenzao waliokuwa Tanzania waliwachagua baadhi yao kuingia katika kamati yao ya uongozi. Viongozi wa juu wakakataa kuitambua kamati hiyo. Kwa hiyo mkoa mmoja wa Morogoro umeona mambo mawili katika muda wa miaka 20: watu wa chini wakisikilizwa mjini, na watu wa chini wakinyamazishwa Dakawa, katika chama kimoja.

Hatulitaji jambo hili ili kuwahukumu watu waliokuwa vitani. Twalitaja kwa kuwa huonyesha lililo gumu katika swali letu. Ni rahisi kumsifu mdogo asemaye kweli maadamu sisi nasi tu wadogo. Tukipandishwa cheo, sauti ile ile huanza kutusikikia kama utovu wa nidhamu. Tumewaona walimu waliokuwa hodari wa kusema katika vikao, na siku walipopewa ukuu wa shule wakavifuta vikao.

Watu wa rika letu waliukuta Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 wakiwa bado wanafunzi wa shule ya msingi. Ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, nao wafanyakazi wa viwandani wakaushika kwelikweli. Tangu 1971 hadi 1973 kazi zilisimama mahali pengi, na mara nyingi sababu haikuwa mshahara bali meneja mwenye matusi. Baadaye serikali iliona wamezidi, na wengine wao wakapoteza kazi. Mabaraza ya wafanyakazi yalikwisha kuanzishwa kwa waraka wa Rais wa mwaka 1970, lakini yalikuwa ya kushauri tu, na wakubwa walikuwa na nguvu sana ndani yake. Mtu akipewa ruhusa ya kusema na asipewe mahali pa kusemea, atasemea mlangoni, tena kwa kelele.

Sasa hapo kwenye kupoteza kazi ndipo wahubiri wengi wa ushujaa hupita haraka, nasi hatutaki kupita. Katika shule moja tuliyofundisha, mtunza ghala aliletewa hati ya magunia 40 ya mahindi aitie sahihi. Yaliyoshushwa yalikuwa 31. Mkuu wake alimwambia mengine yanakuja. Yule bwana alijibu kwa upole kwamba yakija atayaandika siku hiyo, akaandika 31, akatia sahihi. Muhula haukuisha kabla hajapata uhamisho wa kwenda mbali, akaacha shamba lake la mihogo likiwa halijavunwa na mke wake akiwa mjamzito. Mahindi ya muhula uliofuata yalikuja yametimia. Waliokula ni watoto wa watu wengine, na gharama aliilipa yeye peke yake. Tukimwambia mtu aseme kweli kazini, tumwambie na habari hii, asije akadhani twamwalika kwenye karamu.

Kwa sababu hiyo hatukubali kwamba mzigo wa mkubwa na wa mdogo ni sawa. Mkubwa anayewafanya watu waogope kumwambia kweli ana dhambi iliyo nzito kuliko ya yule aliyeogopa. Lakini aliyeogopa naye hana ruhusa ya kusema kwamba hakuwamo. Alichukua mshahara wa kuona, na aliona.

Namna ya kusema nayo ina uzito wake. Watumishi wa Naamani, katika 2 Wafalme 5, walimkuta bwana wao amepandwa na hasira, anageuza magari arudi Shamu na ukoma wake. Walimkaribia, wakamwita baba, kisha wakamwambia wazi kwamba anakosea. Walikwenda wengi, si mmoja. Na mtunza ghala wetu hakuwa na mtu wa kusimama naye. Kiswahili chetu kinajua heshima, lakini mara nyingine twaificha kweli ndani ya "samahani mzee, labda, sijui," hata mzee aondoke hajui kama ameonywa. Kumwamkia mtu shikamoo hakukuzuii kumwambia kwamba magunia ni 31.

Na mkubwa akisikia kisha akaamua vingine? Kama ni jambo la maarifa tu, kama vile kupanda wiki hii au ijayo, mdogo na afanye kazi kwa bidii, asifanye kwa kuzembea ili baadaye apate kusema "niliwaambia." Kama ni dhambi, wakunga wa Kiebrania Shifra na Pua walikwisha kutuonyesha njia mbele ya Farao.

Katika parokia nyingi hesabu za mwaka husomwa mara moja, upesi, mhazini akiwa amesimama. Mwenyekiti huuliza wanaokubali, mikono yote hupanda, na mkutano wenyewe hasa hufanyika baadaye chini ya mwembe. Twapendekeza hesabu zibandikwe ukutani Jumapili mbili kabla ya mkutano. Na mlinzi, au katekista, au mfanyakazi yeyote wa kanisa akileta neno zito juu ya mkubwa wake, katibu aliandike katika kumbukumbu pamoja na jibu alilopewa, ili mwakani, akiwa hayupo tena katika kazi hiyo, ijulikane kwa nini hayupo.