Taa za Kuonyana Njiani

Ipo desturi moja ambayo kila msomaji wetu aliyepata kusafiri katika barabara zetu kuu aijua. Dereva akishawapita askari wa usalama barabarani, huwawashia taa wale anaokutana nao. Naye aliyeonywa hupunguza mwendo na kuinua mkono kushukuru. Wawili hao hawajuani, wala hawataonana tena. Je, huo ni wema? Wengi huona kwamba ni wema usio na shaka. Sisi twadhani yafaa upimwe.

Hivi karibuni tulisafiri kwa motokaa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, mwendo wa kilomita zaidi ya 800, pamoja na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Ni mwenzi mwema wa safari: hasinzii, wala hanyamazi. Tuliwashiwa taa mara ya kwanza baada ya Chalinze, na kabla ya Morogoro tulikuwa tumekwisha anza kubishana.

"Padre," alisema, "huo ndio utu uliobaki barabarani. Mtu asiyekujua amekuhurumia."

Lakini amemhurumia nani? Kibao cha 50 huwekwa penye nyumba na shule, mahali ambapo mtoto huvuka akimkimbilia mwenzake bila kutazama. Dereva aliyeonywa hupunguza mwendo kwa ajili ya askari tu. Akishawapita hukanyaga mafuta, na kijiji cha mbele hukipita kwa kilomita 100 kwa saa, maana taa ile imemwarifu pia mahali ambapo askari hawapo. Hili la pili ndilo zito.

Mwalimu alikuwa na jibu, wala hatutalificha. Alisema wapo askari wanaojibanza nyuma ya kichaka, kwenye mteremko mtupu usio na nyumba hata moja, na hapo hawamlindi mtoto wa mtu. Kuonyana, basi, ni ngao ya wanyonge. Neno hilo lina ukweli wake, nao wakubwa wa askari wangefanya vema kulisikia. Hata hivyo, awashaye taa haulizi kwanza askari wamesimama wapi. Huwasha penye kichaka na penye shule sawasawa.

Huko Mikumi, ambako barabara hukata hifadhi ya wanyama kwa kilomita kama 50, tuliwashiwa tena. Safari hii walikuwa tembo wakivuka. Mwalimu akacheka: "Taa si ni ileile?" Taa ni ileile, kweli; lakini hii ilimlinda dereva, na tembo pia.

Kisha tukaupanda mlima Kitonga, nyuma ya malori yaendayo kama kinyonga. Huko lori likiharibika, utingo hukata matawi mabichi na kuyapanga barabarani, ili kila ajaye aonywe, hata mwenye baiskeli. Desturi hiyo twaisifu kwa moyo wote. Lakini mbele kidogo matawi yalikuwa yamekauka, lori lilikwisha ondoka, na mawe yaliyozuia magurudumu yake yalikuwa yangali katikati ya njia. Mwalimu alikasirika kuliko wakati wowote wa safari ile. Tulipopata mahali pa kusimama alishuka, akarudi kwa miguu, akayavingirisha mawe yale hadi mtaroni, mzee wa miaka sabini na zaidi.

Tulimwambia kwamba taa ile na jiwe lile twaviona ni ndugu: mmoja amejisalimisha, hatari akamwachia ajaye nyuma. Hakujibu mpaka Ilula, ambako aliteremka kununua nyanya.

"Jiwe nakubali," alisema aliporudi. "Taa bado. Faini humla kijana wa watu mshahara wake."

Tukamwuliza kama angeiwasha mbele ya shule aliyofundisha. Alifikiri kitambo, akizipanga nyanya zake miguuni. Akasema kwamba kijijini kwake asingeiwasha, kwingine, hajui.