Stima ya Shilingi Kumi

Kwa wiki tano niliendesha skuta ya umeme kati ya Makongeni na upande wa Blue Post, halafu nikaandika ukaguzi wake kwa mteja anayelipa kwa idadi ya maneno. Ndani ya ule ukaguzi kuna sentensi ninayoikumbuka vizuri kwa sababu niliipenda: kuchaji kunagharimu shilingi 10 kwa siku. Hesabu yenyewe ni sahihi, niliipiga mara mbili. Shida ni kwamba hizo kumi sikuzilipa mimi. Au tuseme nililipa shilingi moja na senti ishirini na tano, hizo zingine wakalipa watu saba ambao sikuwa nimewauliza.

Nianze na skuta, maana ndiyo iliyonileta hapa. Nazungumzia ile ya kusimama, magurudumu mawili madogo na usukani, unayoikunja na kuibeba. Ya binamu yangu ilikuwa mtumba, ya aina iliyoenea duniani tangu Xiaomi watoe M365 mwaka 2016: kilo 12 na nusu, betri ya wati-saa 280, mwendo wa kilomita 25 kwa saa, na ahadi ya kilomita 30 kwa chaji moja. Hiyo ahadi ya 30 sijui ilipimwa wapi, lakini si kwenye barabara zetu. Mimi nilipata kama 18, na hapo nikipanda mlima naisaidia kwa mguu kama mtoto.

Uzito wake ni jambo zuri kweli. Mtungi wa lita 20 wa maji ni kilo 20, na hakuna mtu kwetu ambaye hajawahi kuupandisha ngazi maji yakikatika. Kilo 12 si kitu. Unavuka Garissa Road skuta ikiwa begani, lori limesimama linakungurumia, unajiona mtu wa maana. Gurudumu ndilo dogo mno. Shimo ambalo boda halilioni, wewe unaliona kuanzia mbali na unaanza kusali. Matuta ya Makongeni, yale ambayo wenyeji wamejijengea kwa mawe na simiti ili watoto wasigongwe, unashuka na kutembea. Mvua ikinyesha, acha nyumbani. Na kwa kuwa haina sauti, akina mama wanaouza mboga kando ya njia hawakusikii ukija. Mmoja aliniambia, "Kijana, hiyo kitu yako inatembea kama mwizi." Nilicheka. Niliiandika hata kwenye ukaguzi, kama utani.

Basi, tuje kwenye ploti.

Ploti yetu ina vyumba vinane na mita moja. Kila mwezi kila chumba hutoa shilingi 400, msimamizi anakusanya, ananunua tokeni kidogo kidogo. Wasomaji wengi wa Thika, Ruiru na Githurai wanajua mpango huu bila kuelezwa. Wanajua pia sheria zake ambazo hazijaandikwa popote: koili hairuhusiwi, pasi ni Jumapili jioni tu, taa ya nje inazimwa saa tano. Simu chaji utakavyo. Redio sawa. Friji ni mpaka mzungumze.

Kuna ubaya mwingine kwenye mpango huu, na huo haukuletwa na mpangaji yeyote. Bei ya stima ya nyumbani imepangwa kwa ngazi. Anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi analipa bei ya chini, iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa hali ya chini. Anayepita 100 analipa bei ya juu kabisa. Sasa chumba kimoja chenye balbu mbili, simu na televisheni ndogo hakifikishi uniti 30 kwa urahisi. Ukiweka vyumba vinane kwenye mita moja, mita inapita 100, na mbele ya kompyuta sisi wote kwa pamoja tunaonekana tajiri mmoja. Maskini wanane wakijumlishwa wanapoteza msaada ambao kila mmoja wao angestahili. Kwa hiyo kila uniti ninayoongeza inanunuliwa kwa ile bei ya juu, karibu shilingi 30.

Skuta ilikula theluthi ya uniti kila usiku. Shilingi 10. Kwa siku 25 za kazi, 250. Changu katika hizo ni 31 na kidogo. Majirani saba wakalipa karibu 219. Wakati huohuo nilikuwa nikiokoa nauli, maana kutoka Makongeni hadi mjini na kuunganisha tena hadi Blue Post ilinimaliza mia kwa siku. Kwa mwezi nilibaki na 2,500 mfukoni. Niliziona hizo kama tuzo ya kuwa mjanja.

Wiki ya tatu tokeni ziliisha siku nne kabla ya kawaida. Giza, saa mbili usiku, ugali jikoni. Watu walitoka nje na tochi za simu, na ikaanza ile mahakama ya ploti. Kwanza walimtazama jamaa wa boda mwenye spika kubwa kuliko kitanda chake. Akajitetea vizuri. Halafu macho yakahamia kwa mama wa chumba cha tano, anayekaanga mandazi alfajiri na kuyauza kwenye geti la shule. Mtu akasema amesikia harufu ya koili. Koili ina harufu? Lakini ikisemwa gizani na mtu mwenye njaa, ina harufu. Mama akafungua mlango wake, akatuonyesha jiko la makaa, majivu bado moto. "Ingieni mtafute," akasema. Hakuna aliyeingia. Na hakuna aliyesema pole.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nyuma yangu, ndani ya chumba changu, chaja ilikuwa imechomekwa ukutani, taa yake imezimika kama taa za wengine wote.

Kabla sijaachana na chuo nilisoma mfano mmoja ambao haujawahi kuniacha. Ni wa Jonathan Glover, mwanafalsafa Mwingereza, aliouandika mwaka 1975. Katika kijiji wako watu mia wanaokula chakula cha mchana, kila mmoja ana bakuli lenye maharagwe mia. Wanakuja majambazi mia wenye silaha, kila jambazi anapora bakuli la mtu mmoja. Uovu ulio wazi. Siku nyingine majambazi walewale wanaona aibu, wanabadilisha mbinu: kila jambazi anachukua punje moja tu kutoka kwa kila bakuli. Punje moja katika mia, nani ataihisi? Kila jambazi anaweza kuapa kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyemdhuru kwa namna inayoonekana. Na kila jambazi anarudi nyumbani na maharagwe mia, na kijiji kinalala njaa kama juzi.

Darasani tuliubishania kama mchezo. Niliwahi kusema, kwa sauti kubwa, kwamba punje isiyohisiwa si dhara. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa sijawahi kulipa tokeni.

Utetezi wangu wa kwanza, kwenye ile ploti, ulikuwa huu: kila mtu anachukua punje. Spika ya jamaa wa boda inakula. Kuna dada ana friji ambayo walizungumza naye, ndiyo, lakini walizungumza kabla hajaongeza ile ya pili ndogo. Kwa nini iwe dhambi kwangu tu? Nadhani huu utetezi una nguvu kiasi. Mia nne sawa kwa kila chumba haijawahi kuwa haki kamili. Ni suluhu ya watu waliochoka kugombana. Lakini suluhu hiyo inasimama juu ya kitu fulani, kwamba kila mtu anajua takriban mwenzake ana nini. Spika inasikika hadi barabarani. Friji ilipandishwa ngazi mchana kweupe na watu wanne. Simu kila mtu anayo. Skuta yangu niliingiza ikiwa imekunjwa, na walioiona walidhani ni kitu cha mazoezi. Nilimwambia mmoja hivyo, sitadanganya. Kwa hiyo kilichonitenga na wao hakikuwa uniti. Wao walikuwa wakitumia kile ambacho ploti ilikuwa imekikubali kwa kunyamaza, na ploti haiwezi kukubali kwa kunyamaza kitu isichokijua. Yule mama wa mboga alikuwa ameliona hili kabla yangu.

Utetezi wa pili ulikuwa wa heshima zaidi na kwa hiyo hatari zaidi. Nilijiambia ninasafisha hewa. Sehemu kubwa sana ya umeme wa Kenya haichomi mafuta: ni mvuke wa Olkaria, mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, mabwawa ya mto Tana. Hata maji yanayopita chini ya Blue Post, pale Chania na mto Thika vinapokaribiana kabla ya kuungana, huishia Masinga, na Masinga inazalisha umeme. Nilipenda sana kufikiria kwamba yale maporomoko yananisukuma kwenda kazini. Ukilinganisha na matatu inayotoa moshi mweusi pale stendi, mimi ni malaika.

Ila ngoja. Ile matatu iliondoka bila mimi. Kiti changu kilikaliwa na mwingine, au kilibaki wazi, na moshi ulikuwa uleule. Mchango wangu kwa hewa ya Thika ulikuwa punje moja ya maharagwe, tena ndogo. Na mimi nilikuwa nikiihesabu. Niliiweka kwenye ukaguzi, na kichwa cha habari juu. Sasa mtu hawezi kula huku na kule: kama punje yangu njema ina thamani hata isipohisiwa, basi punje ninayomwondolea jirani nayo ina thamani. Kama ya jirani ni bure kwa sababu ni ndogo, basi na mimi nirudi kwenye matatu, niache kujisifu. Nilijaribu kutafuta njia ya kutoka hapo kwa siku kadhaa. Sikuipata, na sidhani ipo. Haba na haba hujaza kibaba, wazee wanasema, nasi huwa tunaisikia kama ushauri wa kuweka akiba tu. Lakini kibaba kinaweza kujazwa pia kwa kuchotwa kwenye vibaba vya wenzako.

Pale Paris, mwezi Aprili 2023, wakazi walipiga kura kuhusu skuta za kukodisha zilizotapakaa kwenye njia za miguu. Asilimia 89 ya waliojitokeza walizikataa, na kabla ya Septemba zikaondolewa. Waliojitokeza hawakufika asilimia 8. Watu hucheka hiyo namba ya pili, na mimi niliicheka pia. Siku hizi naona angalau kuna mtu aliyeitisha kura. Kwetu nilikuwa nimejipigia peke yangu, nikashinda.

Niliwaambia Jumamosi. Ningependa kusema ni siku iliyofuata lile giza, lakini zilipita siku tisa, na katika hizo tisa nilichaji usiku mmoja tena. Nilianza na mama wa chumba cha tano. Nilimkuta akiloweka unga, nikaeleza hesabu yote, wati, uniti, shilingi 31. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Hiyo siku ya giza, ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Haya," akasema, akaendelea na unga.

Nilikuwa nimekuja na pesa kwenye bahasha. Shilingi 31 yake ilikuwa humo, na mbele ya lile swali sikujua niitoe vipi. Punje za maharagwe za Glover zinaweza kurudishwa bakulini. Harufu ya koili ambayo watu walidai kuisikia kwenye nguo za mtu mbele ya watoto wake, hiyo unaihesabu kwa kipimo gani? Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikipima kitu kidogo kwa makini, na kile kikubwa kilikuwa kimekaa kando kikinitazama.

Wengine walichukulia kwa njia zao. Tulikubaliana niongeze 250 kwa mwezi. Jamaa wa boda alikasirika, na nadhani alikuwa na haki, kwa sababu mara tu skuta ilipopewa bei, mtu aliuliza spika ni ngapi, na friji ile ndogo je. Mwenye ploti aliombwa aweke mita ndogo kwa kila chumba akasema atafikiria. Tangu hapo kuna karatasi imebandikwa karibu na mita yenye majina ya vyumba na vifaa. Ploti ina haki zaidi kuliko zamani na si pazuri kuliko zamani. Watu hawaachi milango wazi jioni kama walivyokuwa. Sikuwa nimelifikiria hilo, na hata leo sijui kama ningenyamaza ingekuwa bora; najua tu kwamba mama angebaki na ile harufu.

Skuta nilimrudishia binamu mvua za Aprili zilipoanza. Kabla ya hapo nilimwandikia mteja kumwomba arekebishe sentensi moja: gharama ya kuchaji ni shilingi 10 kwa siku, ukiwa na mita yako. Akajibu kwamba maneno manne ya mwisho yatawachanganya wasomaji, na ukaguzi ulishapanda hata hivyo. Bado uko pale. Mandazi ya mama ni shilingi 10 moja, hununua mawili kila asubuhi, na huwa anahesabu chenji yangu mara mbili.